Abla Ukutani Kule Manah

Sikumpenda Abla, wala sitaanza kumpenda leo kwa sababu amezeeka na watu wanambusu kichwa. Alikuwa mwalimu mkuu wa skuli yetu ya wasichana kule Ibra. Hapa Omani mwalimu wa kike huitwa abla, basi sisi tulimwita hivyo, mji mzima ukamwita hivyo, na mpaka leo ukisema Abla bila ya kuongeza neno, Ibra wanajua unamkusudia nani. Kazaliwa wapi, ni binti wa nani, kaolewa na nani, hayo waulizwe wanaotaka kumsifu. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na moja nililolisoma.

Hakuwa mrefu, na hakupata kupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini hata darasa la wasichana arubaini likalazimika kunyamaza ili limsikie, na asiyesikia alikuwa amepata kosa. Wakati wa mapumziko alipita baina ya madawati akifungua vibati vyetu vya chakula. Alimega kipande, akatafuna polepole, akatoa hukumu. Mkate wa mama yangu aliuonja siku moja akasema, "Mama yako ana haraka." Akafunika kibati, akapita. Nilipomweleza mama, ambaye alikuwa akikanda unga alfajiri kisha akaenda kufua mashuka ya spitali, alicheka kidogo. Halafu alikaa kitako akaitazama mikono yake, na kutoka siku ile hakunitilia mkate tena. Alinitilia tende.

Abla alikuwa na maneno yake ambayo sote tuliyajua kwa moyo. Mtu akianza kujitetea, alisema, "Sikukuuliza." Mzazi akija kulalamika kwamba mtoto wake anamwogopa, alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Mimi sitaki kupendwa, nataka kusikilizwa." Wazazi walitoka pale wakimsifu. Hilo ndilo lililonikera zaidi nilipokuwa mdogo, kwamba watu wazima walitoka kwake wamepondwa na wanamsifu.

Alikuwa ametoka Unguja kama sisi, ila yeye alitangulia, akapitia Misri akasoma, na alipofika Ibra alikuwa na Kiarabu cha vitabuni ambacho hata wenyeji walikistahi. Sisi tuliokuja nyuma hatukuwa nacho. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Abla mwenyewe kwake, na dada yake, alisema Kiswahili cha mjini chenye mapambo yote. Lakini akishavuka lango la skuli alikuwa hakijui. Hakukikataza kwa fimbo. Alikuwa hakisikii tu.

Nilikuwa na miaka minane. Niliinua mkono nikamwomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha niliyokuwa nayo. Alinitazama usoni, akageuka akaendelea kuandika ubaoni. Niliomba mara ya pili, na mara ya tatu. Neno la Kiarabu la choo nilikuwa nalijua, lakini kwa hofu lilinipotea. Nikajikojolea pale pale nilipokaa, na wasichana wenyeji wakavuta miguu yao. Abla akasema kwa Kiarabu, bila ya kugeuka, kwamba aliye karibu na mlango alete tambara.

Jioni ile ile alikuja kwetu. Alileta sketi mpya ya skuli aliyoishona mwenyewe, akakaa na mama mkekani, akauliza habari za jamaa wa Malindi na wa Mkunazini, kule Unguja mjini, mmoja mmoja kwa majina. Nilipoingia ilinibidi nimwambie, "Shikamoo, Abla." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole ambao sijapata kuusikia darasani. Mama alifurahi mno. Kwa wiki nzima alikuwa akisema mwanamke yule ana moyo. Sketi ilinikaa sawasawa, kama aliyenipima, na mama akanilazimisha kuivaa.

Pale ofisini kwake palikuwa na kabati la vioo alilokuwa akiliita maktaba. Wakaguzi wakija aliwasimamisha mbele yake, akawasomea majina ya vitabu kwa fahari, na wao wakaandika kwamba skuli ya wasichana ya Ibra ina maktaba. Sisi hatukuruhusiwa kuligusa. Vitabu vilikuwa vya kuonekana. Siku nyengine wakaguzi walikuja kuona kama kila mwanafunzi ana kiti, na viti havikutosha. Aliwachukua wasichana wasiokuwa na viti akawapeleka nyuma, kwenye chumba cha mafagio, akawaambia wahesabu kimoyomoyo mpaka elfu mbili. Wakaguzi waliandika kwamba viti vinatosha. Msichana mmoja alitoka kule akilia, na Abla akamwuliza amefika ngapi.

Ninayasema haya ili ijulikane kwamba uongo haukumpa tabu. Aliusema kwa utulivu ule ule aliosemea habari ya hali ya hewa.

Sasa nitasema na jengine, kwa sababu nikilificha watu wa Ibra watasema nimemwonea.

Darasani kwetu alikuwapo msichana mmoja wa kijiji cha upande wa mchangani. Sitamtaja jina. Siku hizi watu wote wanamwita Daktari, na mimi nitamwita hivyo tangu sasa. Jamaa zake hawakupata kwenda Afrika, na yeye Kiswahili hajui hata neno. Tulikuwa na miaka kumi na minne alipoacha kuja skuli. Baba yake alitaka kumwoza kwa mwana wa ammi yake. Siku ya tatu Abla alichukua gari lake, akanipakia mimi na mwenzangu mmoja nyuma, ili ionekane, alisema, kwamba skuli imekuja. Tulikwenda njia ya vumbi mpaka tukafika.

Baba mtu alitukaribisha kama ada. Abla alikaa barazani, kahawa ikamiminwa. Kule mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, na mwenye kumimina akaacha. Abla hakukitikisa. Alikunywa, akakinyoosha tena, akamiminiwa, akanywa. Baada ya vikombe vingi yule baba alimwuliza kwa adabu kama ana haja nyengine. Akasema, "Nimekuja kumchukua mwanafunzi wangu. Nitakunywa mpaka atoke." Akanyoosha kikombe. Birika la kwanza likaisha, likaja la pili. Wanaume wa kijijini walianza kukusanyika kuangalia. Kabla ya adhuhuri msichana alitoka na bunda lake, akapanda nyuma ya gari baina yetu sisi wawili, na baba yake akasema mbele ya wote kwamba anamwachia amalize skuli tu. Baada ya skuli, akasema, harusi.

Niliona yote yale, na sikatai. Wasichana aliowatoa majumbani namna ile hawakuwa mmoja wala wawili. Njiani kurudi alisimamisha gari akatapika kahawa yote pembeni mwa njia, akajifuta, akatwambia tusimweleze mtu.

Mwaka tuliomaliza skuli ilikuja nafasi moja ya kwenda kusoma udaktari nje. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na Daktari alikuwa wa pili. Nilijua hivyo kwa sababu niliyaona matokeo mezani kwa Abla, nilipotumwa kumpelekea chai. Baba yangu alishanunua sanduku la safari. Kisha Abla alituita ofisini, akasema kamati imeamua, Daktari ndiye atakayekwenda. Nilimpongeza mwenzangu nikalia naye, yeye akilia kwa furaha. Mimi nilipelekwa Maskati miaka miwili kujifunza kazi ya maabara, na nikaishia kupima damu na mikojo ya watu katika spitali moja ya Nizwa mpaka nilipostaafu.

Siku zile zile kulikuwa na watu wa Sur waliokuja kunitaka kwa mtoto wao. Walikuja mara mbili, wakala, wakafurahi, mama akaanza kuweka vitambaa. Halafu wakanyamaza. Wakaja wengine, wa Ibra hapo hapo, nao wakanyamaza. Mama alizeeka katika miaka ile akijiuliza tuna kasoro gani.

Kasoro niliisoma mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeomba mafunzo ya kuongeza ujuzi, na karani wa Maskati aliyekuwa na faili langu akanihurumia. Aligeuza faili upande wangu, akaenda kuswali. Barua ilikuwa na mwandiko wa Abla, ambao ningeujua popote. Ilisema kwamba mwanafunzi huyu ni hodari na mwenye adabu, lakini ana maradhi ya kuanguka, na masomo ya ughaibuni yanaweza kumdhuru. Maradhi ya kuanguka ni kifafa. Mimi nimeanguka mara moja maishani, mwezi wa Ramadhani, tumesimamishwa juani kwenye mstari. Barua kama ile hupita mikononi mwa watu, na watu wana jamaa Sur na wana jamaa Ibra.

Niliolewa nina miaka thelathini na minne na mjane wa Nizwa, mtu mwema. Watoto sikujaaliwa. Sisemi Abla ndiye sababu. Nasema miaka iliyopita, ilipita.

Sikumwambia mtu. Mama asingeamini, na baba angekwenda kufanya fujo. Nilichofanya ni kuacha kumwamkia. Nikienda Ibra kwenye soko la wanawake la Jumatano na yeye yupo, akibishania bei na wauzaji kwa ile sauti yake ya chini, nilipita upande wa pili. Yeye aliniona kila mara, na hakupata kuniita.

Daktari alirudi akafanya kazi Ibra. Ugonjwa wa mwisho wa mama yangu yeye ndiye aliyemwuguza. Alikuja nyumbani kila siku baada ya kazi, akamgeuza kwa mikono yake, na mama alifariki akiwa ameushika ushungi wa Daktari. Nampenda kama ndugu. Naye hunitania mpaka leo kwamba alinishinda kwa alama chache tu, kwamba ningejitahidi kidogo ningekuwa mimi. Mimi hucheka.

Mwaka huu, baada ya Idi ndogo, Daktari alinipigia simu. Kule njia ya Manah limefunguliwa jumba lenye maktaba ya watafiti na kumbi za makumbusho za enzi ya marehemu Sultani, na katika ukumbi mmoja wametundika picha ya siku aliyokuja skuli yetu. Abla yumo. Watu wa jumba wanataka arekodi kumbukumbu zake zihifadhiwe. Daktari angemleta kwa gari kutoka Ibra, na mimi niliye Nizwa, robo saa tu, niwapokee mlangoni. Nilitafuta udhuru. Akasema, "Dada yangu, hana muda mrefu. Mimi ni daktari wake, najua." Nikakubali kwa ajili yake.

Walifika kabla ya adhuhuri. Abla alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, ushungi umepigwa pasi. Nilimwambia, "Shikamoo," kwa sababu Daktari alikuwa akinitazama. "Marahaba," akasema. "Umenenepa."

Ndani palikuwa na baridi, tena pakubwa, sakafu inang'aa. Binti wa makumbusho, kijana mwenye adabu, alitwongoza. Tulipita mavazi, magari, hati na saa za mtawala, na kuta zilizoandikwa maneno yake. Abla hakugeuza kichwa mpaka tulipofika kwenye picha. Ilikuwa kubwa kuliko mlango. Sultani ameinama kidogo akimsikiliza msichana mdogo, Abla yuko pembeni yake wima, na nyuma sisi kwenye mstari. Mimi niko wa tatu, uso nusu, nusu umefichwa na bega la Abla.

Kibao kilisema, mtawala pamoja na mmoja wa walimu. Abla alikisoma, akamwambia yule binti kwamba hakuwa mmoja wa walimu, alikuwa mwalimu mkuu, na kwamba hataingia chumba cha kurekodi mpaka aone ameliandika hilo. Binti alitoa kalamu akaandika. Abla akataka kuusoma mwandiko wake. Daktari aliyatazama haya kwa mapenzi, akamwambia yule binti, "Huyu ndiye aliyenifanya niamini kwamba naweza. Hakunipa kitu ambacho si changu. Alinipa changu."

Chumba cha kurekodi kilikuwa kidogo, chenye meza na viti vitatu. Abla alisema karibu nusu saa, bila ya kukosea hata irabu moja ya Kiarabu. Alisimulia habari ya viti, lakini kwake vilikuwa vimetosha. Alisimulia maktaba. Halafu akasema, "Wasichana wangu niliwaeleza kama walivyo. Sikumzidishia mtu, wala sikumpunguzia." Binti alizima mashine, akashukuru, akaenda kuhifadhi. Daktari akatoka kutafuta maji, kwa sababu saa ya dawa ilikuwa imefika.

Tukabaki wawili. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Abla, mimi nina kifafa?"

Nilitegemea akane. Alitengeneza ushungi wake. "Uliisoma lini?"

"Inafika miaka thelathini na tano."

"Na muda wote huo umenyamaza. Mimi nikidhani ni kiburi tu."

Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu kama aliyeulizwa hesabu. "Alama zako zilikuwa juu ya zake. Nisingeweza kuandika kwamba huna akili, matokeo yangenisuta. Maradhi hayana matokeo. Yule asingeondoka mwaka ule, angeolewa kabla ya Idi, na udaktari ndio ingekuwa basi. Wewe baba yako angekungoja usome mpaka uchoke."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Ningekubali."

"Ulikuwa na miaka kumi na minane," akasema. "Hakuna anayekubali."

Nikamweleza habari ya watu wa Sur, na waliokuja baada yao, na mama. Nilisema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hilo hakulikusudia. Nikamwambia lakini lilitokea. "Lilitokea," akasema.

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia na chupa ya maji, kifuniko ameshakilegeza ili Abla asihangaike. Akatutazama mmoja mmoja, akacheka, akauliza kwa Kiarabu, "Mnasema nini kwa siri, nyinyi Wazinjibari?"

Abla hakunisaidia. Aliegemea kiti chake akaningoja, kama alivyokuwa akimngoja mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na Kiarabu chake nilikuwa nacho tayari, nimekuwa nacho miaka yote ile. Nilimtazama Daktari. Nywele za mbele zimeshakuwa nyeupe. Alikuwa amesimama na kidonge kwenye kiganja, uso wake una furaha ya mtu ambaye siku yake imekwenda vizuri.

"Ananisema," nikamwambia. "Anasema siku zile nilikuwa mvivu wa kuandika insha."

Daktari akacheka sana. "Bado hajakuacha," akasema. Akampa Abla dawa, akamshikilia chupa, akatoka kwenda kumwuliza yule binti kama tunaruhusiwa kupiga picha mbele ya ile kubwa.

Abla alifuta midomo. "Umefanya sawa."

"Sikufanya kwa ajili yako."

"Najua. Na mimi sikuandika kwa ajili yangu."

Hapo ndipo nilipomchukia kuliko siku zote, kwa sababu alisema kwa upole, ule upole wa mkekani kwetu, kama kwamba sasa tumekuwa wamoja. Nikasogea karibu ili asiseme hakunisikia. Nikamwambia, "Leo mimi nimetoa kilicho changu. Na wewe siku ile ulitoa kilicho changu, si chako."

Nilihesabu kimoyomoyo. Nilipofika ishirini nikazunguka nyuma ya kiti nikamsukuma mpaka ukumbini.

Binti wa makumbusho alichukua simu ya Daktari akatupanga mbele ya picha, Abla katikati kwenye kiti. Abla akanyoosha mkono wake mwembamba, akanishika kiganja, akakibana. Nikautoa mkono wangu, nikaenda kusimama upande wa pili, karibu na Daktari. Picha ninayo. Daktari peke yake ndiye anayecheka.